Tovuti ya Maktaba Ianze na Swali Letu



Leo hatuzungumzi singo wala hina. Tunajua wengi mnaisubiri ile mada ya sanduku la bibi harusi, nayo inakuja inshaAllah. Leo tunataka kuzungumza jambo ambalo halimo ndani ya sanduku lile, na kwa mtazamo wetu lingefaa liwemo: maktaba. Na kwa kuwa siku hizi mtu hufika mahali kwa simu kabla hajafika kwa miguu, tutaizungumzia tovuti ya maktaba, namna inavyopangwa na namna ambavyo ingepaswa kupangwa. Msikimbie. Mambo haya tusiwaachie mafundi wa kompyuta peke yao, yanatuhusu.

Kilichotufanya tuandike ni mwenzetu mmoja, mtoto wa Unguja, aliyeolewa Singida. Alivuka kwa boti, akapanda treni hadi Dodoma, kisha basi. Sanduku lake lilikuwa kamili: kanga, udi, hina, manukato, na vyombo ambavyo mama yake alivikusanya tangu bintiye yuko skuli. Singida imempokea vizuri. Majirani zake Wanyaturu ni watu wa imani, kuku wa kienyeji hakosi, asali ya Itigi imo jikoni, na jioni upepo unapotulia hutoka kulitazama Ziwa Singidani na majabali yake. Lakini mumewe ni mtu wa biashara ya alizeti, wiki nzima yuko njiani. Mama yuko ng'ambo ya bahari na somo wake yuko ng'ambo ya bahari. Kisha Mwenyezi Mungu akamjaalia mimba.

Akataka kusoma. Alitaka kitabu cha Kiswahili kuhusu ujauzito, kitabu cha dini kinachoeleza haki za mke na mume bila ya ukali, na riwaya ya kumpumzisha akili. Kabla ya kutoka nyumbani alikuwa na maswali matatu tu: maktaba iko wapi, inafunguliwa saa ngapi, na je, vitabu anavyovitaka vipo?

Akachukua simu akapita tovuti kadhaa. Moja kati ya hizo hatutaitaja jina wala mahali, kwani lengo letu si kumfedhehesha mtu. Ilimfungulia picha kubwa ya mkutano, halafu picha nyingine ya mkutano, halafu dira na dhamira, halafu matangazo ya zabuni. Alipobonyeza palipoandikwa huduma, akakuta faili la kupakua. Faili likazunguka, likazunguka, bando likaisha. Akatuandikia siku ile: "Nimepiga hodi mpaka nimechoka."

Neno hilo la hodi ndilo lililotuchoma. Dini yetu imetufundisha adabu ya kuingia kwa watu: mgeni abishe hodi mara tatu, asipojibiwa arudi zake bila ya kinyongo. Hiyo ni adabu ya mgeni. Mwenye nyumba naye ana yake, nayo ni kuitika. Maktaba ya umma ni nyumba yetu sote, na tovuti yake ndiyo mlango wa barazani. Msimamo wetu leo ni huu: tovuti ya maktaba ipangwe upya kwa kufuata maswali anayokuja nayo msomaji. Mpangilio wa ofisi usiwe ndio ramani ya mgeni.

Maktaba tunazo

Kwanza tuwekane sawa, maana wengi wetu hatujui kwamba maktaba za umma zina wenyewe wawili. Kwetu visiwani kuna Shirika la Huduma za Maktaba Zanzibar, na maktaba kuu ya Unguja iko Maisara. Bara kuna Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1975. Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Dar es Salaam, ni kubwa kwa umri kuliko sheria hiyo: Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Disemba 1967. Ipo kando ya barabara yenye jina la Bibi Titi Mohamed, mwanamke Muislamu aliyesimama majukwaani kudai uhuru wakati wengi waliona jukwaa si mahali pa mwanamke. Kutoka hapo Bodi imesambaza maktaba mikoani, Singida ikiwemo.

Sasa fikirieni ukubwa wa mkoa ule. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu takriban watu milioni 2. Maktaba ya mkoa iko mjini. Mwanamke wa Manyoni ana zaidi ya kilomita 100 kufika Singida mjini. Wa Itigi naye yuko mbali. Wa Kiomboi au Nduguti naye ana safari yake. Hawa hawapiti mbele ya maktaba wakitoka sokoni, hata wakachungulia kuona kama iko wazi. Kwa mtu wa mjini, tovuti mbovu ni usumbufu. Kwa mtu wa Itigi, tovuti mbovu ni nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima ya kazi, na mtoto mgongoni. Ndiyo maana tumeichagua Singida tuisemee. Ukiona tovuti inamfaa mwanamke wa Itigi, jua itamfaa na wa Mwembeladu.

Rafu moja, njia kumi

Maktaba nyingi duniani, na zetu pia, hupanga vitabu kwa nambari za Dewey, utaratibu uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Ni utaratibu mzuri kwa mkutubi. Tazameni lakini unavyomtawanya bibi harusi. Desturi za harusi ziko 392.5. Uislamu uko 297. Mapishi yako 641.5. Ujauzito na uzazi uko 618.2. Malezi ya watoto yako 649. Maisha ya mwanamke mmoja, katika mwaka mmoja, yamegawanywa rafu tano katika pembe tofauti za jengo.

Rafuni hakuna budi, kitabu kina mwili mmoja na hukaa mahali pamoja. Kwenye tovuti hakuna ulazima huo. Kitabu kile kile kinaweza kuonekana chini ya dini, chini ya ndoa, chini ya vitabu vipya, na chini ya vitabu vya Kiswahili rahisi, bila ya kukisogeza hata shubiri moja rafuni. Hapa ndipo tunapoona nafasi kubwa inapotea. Tovuti nyingi za taasisi zetu za umma zinafanana: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Utawala, Huduma Zetu, Machapisho, Kituo cha Habari. Hiyo ni ramani ya ofisi. Mtu anayetafuta kitabu hajui idara ipi inashika nini, wala hana haja ya kujua.

Tungependa ukurasa wa mbele useme maneno ambayo mtu huyasema mwenyewe: Natafuta kitabu. Nataka kuwa mwanachama. Nataka kujua saa za kufungua. Chini yake: Ninaolewa. Nina mimba. Mwanangu ana mtihani. Nataka kuanza biashara. Nataka kujifunza dini yangu. Mwanamke wa Iramba mwenye shamba la alizeti naye akute mlango wake: Nalima. Picha za mikutano zipo, zina haki yake, ziwekwe nyuma kidogo.

Mkutubi wa Kihindi S. R. Ranganathan aliandika mwaka 1931 kanuni tano za maktaba, na mojawapo ilikuwa kuokoa muda wa msomaji. Wakati ule hapakuwa na intaneti. Leo tungeongeza: na bando lake.

Kiswahili chetu hubadilika mbele

Tuje kwenye kisanduku cha kutafutia. Wengi tunadhani ukiandika neno na jibu likaja tupu, basi kitabu hakipo. Mara nyingi kipo, ila mashine haikuelewa.

Kiingereza mara nyingi huongeza herufi mwishoni mwa neno kuonyesha wingi, kwa hivyo mashine ikikata mkia inapata neno. Kiswahili chetu hubadilika kichwani. Mtoto, watoto. Mwanamke, wanawake. Ugonjwa, magonjwa. Mashine iliyofundishwa kukata mikia haiwezi kujua kwamba mtoto na watoto ni wamoja. Ukiandika "malezi ya mtoto" na kitabu kinaitwa malezi ya watoto, mnaweza kupishana mlangoni.

Halafu kuna maneno ya dini. Sisi wenyewe huandika Qur'an, Kurani, Qurani. Huandika sala na swala, udhu na wudhu, Ramadhani na Ramadan. Kila mwandishi ana yake na hakuna aliyekosea. Tovuti iyapokee yote na impeleke msomaji pamoja. Na neno "hadithi"? Kwa Kiswahili hadithi ni maneno ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, na hadithi vilevile ni zile za sungura na fisi. Msomaji akiandika neno hilo, tovuti imuulize kwa upole: unatafuta hadithi za Mtume au hadithi za kubuni? Swali moja dogo kama hilo linaonyesha kwamba aliyeipanga tovuti anawajua wasomaji wake.

Majina nayo. Utaratibu wa kuorodhesha kwa jina la ukoo unatubabaisha, maana sisi humjua mtu kwa jina lake la kwanza. Shaaban Robert utamtafuta kwenye Robert au Shaaban? Zainab Alwi Baharoon, dada yetu aliyeandika Mungu Hakopeshwi, utaanza na Zainab, Zaynab au Baharoon? Shafi Adam Shafi naye utamtafuta kwenye Shafi au Adam? Na riwaya yake ya Vuta N'kuvute, inayomhusu Yasmini aliyeozwa kwa mume mkubwa kwake na ambayo filamu yake ilitoka mwaka 2021, ina ile alama katikati ya jina. Nani kati yetu ataiandika alama ile kwa simu, na mtoto analia? Mtu aandike "vuta nikuvute" na kitabu kije.

Haya yote yanafanyika. Kinachohitajika ni mtu akae na mkutubi na wasomaji, waandike orodha ya maneno yanayokwenda pamoja.

Saa nane au saa mbili?

Jambo la nne ni dogo, na ndilo linalosababisha watu wengi kukuta mlango umefungwa. Ukiandika 8:00 kwenye tovuti, mmoja ataisoma saa mbili asubuhi na mwingine ataisoma saa nane mchana, kwa sababu saa zetu ndivyo tunavyozihesabu. Andikeni kwa maneno: saa mbili asubuhi hadi saa fulani jioni. Ni herufi chache tu.

Tuambiwe na Ijumaa inakuwaje wakati wa swala. Tuambiwe Ramadhani saa zinabadilika au hazibadiliki. Mwezi ukiandama usiku na kesho ikawa Idi, mtu apate kulibadilisha tangazo usiku uleule, asingoje fundi arudi kazini. Tuambiwe kama mwenye mtoto mchanga anaruhusiwa kuingia naye, na kama kuna pahala pa kuswali karibu. Maswali haya hayana ukubwa wowote kwa aliyekaa ofisini. Kwa mwanamke anayeamua kama atoke au asitoke, ndiyo yanayoamua.

Na yawekwe juu kabisa, kwa maandishi, si ndani ya picha wala ndani ya faili la kupakua. Maandishi ni mepesi, hufunguka hata mtandao ukiwa dhaifu.

Stara

Tunaolewa tukisisitizwa stara, basi tuiombe na mtandaoni. Mwanamke anayeazima kitabu cha uzazi, au cha sheria za talaka, hataki jambo lake lijulikane. Fomu ya uanachama iulize kile kinachohitajika tu. Orodha ya alichoazima isionekane kwa mwingine anayeshika simu ile ile, maana nyumba nyingi simu janja ni moja. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hivyo tunachoomba hapa ni haki yetu. Tovuti iseme kwa Kiswahili chepesi inahifadhi nini na inakifuta lini.

Wapo watakaosema

Wapo watakaosema: vitabu vyenyewe ni vichache, fedha ni chache, tovuti ya nini? Hoja hii tunaiheshimu, na ni kweli kwamba vitabu vya Kiswahili vya mada hizi havijatosha. Lakini hebu tufikiri. Vitabu vikiwa vichache ndiyo haja ya kujua kipi kipo inazidi. Aliyekuwa na vyombo vingi jikoni anaweza kupapasa. Mwenye sufuria mbili anajua kila moja ilipo. Kuliko kumpandisha mtu basi kutoka Manyoni kuja kuambiwa hakuna, mwambieni hakuna akiwa kwake. Naye akiona hakuna, apate mahali pa kuandika: nilikitafuta hiki sikukipata. Maombi yale yakikusanywa, mwenye kununua vitabu atajua anunue nini.

Wengine watasema wanawake wengi wa Singida hawana simu janja. Ni kweli wapo. Kwa ajili yao nambari ya simu iwekwe juu ya ukurasa, ibandikwe na zahanati na madrasa, na apokee mtu. Kumsaidia mwenye kitochi hakumzuii yeyote kumsaidia mwenye simu janja.

Na wapo watakaosema kupanga upya ni gharama. Kuna gharama, lakini kujua penye tatizo si ghali. Mtaalamu wa Kidenmark, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwaketisha watu watano tu watumie tovuti mbele yako, utayaona matatizo mengi kati ya yaliyomo. Watu watano! Singida mjini hawakosekani. Mchukueni muuza vitunguu, mwalimu wa madrasa, mama mjamzito, msichana wa kidato cha nne, na bibi mwenye miwani. Kila mmoja apewe simu ya kawaida na aambiwe: tafuta saa ya kufungua, tafuta kitabu cha ujauzito. Kisha wakubwa wakae kimya watazame vidole vinapokwama. Asipopata, msimlaumu yeye.

Tuna mfano mzuri kutoka kwa Waislamu wenzetu. Katika mji wa Fes, Moroko, uko msikiti wa al-Qarawiyyin, ambao historia inamtaja Fatima al-Fihri, mwanamke, kuwa ndiye aliyeuanzisha mwaka 859. Maktaba yake ni miongoni mwa zile kongwe mno duniani. Mwaka 2012 kazi ya kuifufua ilipewa msanifu majengo mzaliwa wa Fes, Aziza Chaouni, mwanamke pia. Vitabu havikuwa na kosa. Kilichotaka kazi ni nyumba: unyevu, mifereji, na njia za watu kuingia. Mwanamke alianzisha, na mwanamke mwingine, zaidi ya miaka elfu moja baadaye, akaja kuurekebisha mlango. Tovuti nayo ni mlango, na mlango hurekebishwa.

Sisi tufanye nini?

Lawama peke yake haijengi. Basi tunawaomba mashoga zetu mambo matatu. Kwanza, fungueni tovuti ya maktaba iliyo karibu nanyi, Maisara au bara, mjaribu yale maswali matatu ya mwenzetu. Penye uzuri mshukuru, maana wakutubi wetu wengi wanafanya kazi kubwa kwa kidogo walicho nacho. Penye mkwamo mwandikieni kwa adabu, mtaje ukurasa na mseme mlikuwa mnatafuta nini. Pili, masomo na mashangazi mnaomfunda mwari, mwambieni maktaba ya mji anaokwenda iko wapi, kama mnavyomwambia duka la nyama liko wapi. Tatu, bibi harusi anayehamia mji mgeni, mwenye kumtaka zawadi amlipie uanachama wa maktaba. Hauchukui nafasi sandukuni.

Neno la kwanza kumshukia Mtume wetu lilikuwa amri ya kusoma. Hatukuambiwa wanaume tu, wala watu wa mjini tu. Anayemrahisishia mwenzake njia ya elimu ana fungu lake kwa Mola, awe mwalimu, mkutubi, au fundi anayeamua kitufe kikae wapi.

Mwenzetu wa Singida hatimaye alitoka, akauliza kwa miguu, akafika. Amepata kitabu cha dini na riwaya. Cha ujauzito bado anakitafuta. Anasema mkutubi alimpokea vizuri sana, akamtolea kiti. Ukarimu ule uliomo ndani ndio tunaotaka uonekane tangu kwenye simu.

Tukutane wiki ijayo na sanduku letu, inshaAllah. Wabillahi tawfiq.